Kamba ya Ndui

Tsuma alikuwa mkwezi wa minazi, na mkwezi huona mbali kuliko watu wengine. Mwaka ule wa ndui aliona mbali mpaka akajuta kuwa na macho.

Kijiji chake kiliitwa Mwakirudu, kwenye njia ya kutoka Msambweni kwenda Munje. Ndui iliingia hapo, ikaua watu wanne. Serikali ikaleta askari wawili na kamba nene ya katani. Kamba ikafungwa kukata njia. Wa ndani wasitoke, wa nje wasiingie. Hiyo ndiyo karantini.

Wagonjwa walipelekwa kwenye kibanda cha makuti mbali na nyumba. Ikasemwa kwamba zikipita siku kumi na sita bila mgonjwa mpya, kamba itashuka. Sasa zilikuwa zimepita kumi na nne.

Kila asubuhi Tsuma alikwea mnazi wa mpakani. Watu walidhani anaangua nazi. Kumbe anaangalia nyumba ya Mwanasiti kule Munje, ng'ambo ya kamba. Mwanasiti alikuwa mjane, akiuza mikate ya kumimina. Tsuma alikwisha kununua doti ya leso ya kumpelekea, siku mbili kabla ya kamba kufungwa.

Asubuhi hiyo, kama jana na kama juzi, palikuwa na baiskeli nyeusi nyumbani kwa Mwanasiti. Ila juzi iliegemezwa uani. Leo ilikuwa imepandishwa barazani kabisa, kama baiskeli ya mwenye nyumba.

"Mwizi huyu," Tsuma alisema peke yake kule juu. "Na serikali ndiyo inayomshikia ngazi."

Baiskeli ilikuwa ya Makame, mchuuzi wa ng'onda, wale samaki wakavu, kutoka Mkwiro. Baada ya kitambo Makame mwenyewe alitokea, akaisukuma mpaka karibu na kamba. Alisimama mbali kidogo kama askari walivyotaka, akamwona Tsuma akishuka.

"Tsuma! Habari za huko ndani?"

"Za nini? Unauza ng'onda au unauza habari?"

"Nakupasha tu, usije ukatoka huko ukawa mgeni wa dunia. Mwanasiti anakusalimu. Leo kanipikia mkate mnene, umejaa iliki mpaka pua inawasha."

"Nimekuuliza umekula nini?"

"Basi usikasirike, bwana. Kamba ikishuka Jumamosi, yeye ndiye wa kwanza kuingia. Anataka kumwona shoga yake, dada yako Mbeyu, akae naye mpaka jioni. Halafu Jumapili wazee wangu wanapeleka posa."

Makame akapiga kengele ya baiskeli mara mbili bila sababu, akaenda zake.

Tsuma alihesabu moyoni. Jumamosi moja tu. Mchana mmoja wa kusema na Mwanasiti kabla ya wazee wa Makame kufika. Kamba ikichelewa hata kwa siku moja, imekwisha habari yake.

Alirudi nyumbani. Tangu mkewe afariki miaka mitatu nyuma, kwa kungojea gari la wagonjwa ambalo halikufika, Tsuma hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye kofia ya serikali. Aliishi na dada yake Mbeyu. Mumewe Mbeyu alikuwa ameumwa na nyoka akafa, na Mbeyu sasa alikaa eda katika chumba cha ndani. Miezi minne na siku kumi haonani na mwanamume asiye ndugu yake. Wanawake tu ndio walioingia kumpa pole.

Kwa hiyo serikali ilipoleta chanjo ya ndui kijijini, Mbeyu hakutoka. Mchanjaji alisimama mlangoni na daftari lake, akauliza, "Nyumba hii mko wangapi?" Tsuma akajibu, "Niko mimi." Hakuona kuwa amesema uongo. Mwanamke wa eda hatajwi mbele ya mwanamume mgeni. Alinyoosha mkono wake akachanjwa, na nyumba ikaandikwa kuwa imekwisha kuchanjwa.

Sasa Mbeyu alikuwa amelala siku ya tano. Alianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo. Alipotetemeka kwa baridi, Tsuma alimfunika kwa zile leso mpya, maana shuka zote zilikuwa zimelowa jasho. Kisha vikatoka vipele.

"Kaka," Mbeyu aliita. Sauti ilikuwa imekauka. "Mwite dresa."

"Ni tetekuwanga tu hiyo. Nitakukogesha kwa majani ya mwarobaini."

"Tetekuwanga niliugua nikiwa mtoto. Wewe ndiye uliyenipaka majivu. Umesahau?"

Tsuma akaivuta leso kumfunika mabega.

"Yule Mwero aliyekuja kunipa pole," Mbeyu alisema, "alikaa hapa kitandani, akanivika leso yake mabegani. Baada ya siku tatu akapelekwa kibandani. Mwite dresa, kaka."

"Nikimwita wataanza kuhesabu upya! Siku kumi na sita nyingine! Wao wenye ofisi zao wamefungiwa nini? Wamepungukiwa nini?"

Mbeyu akamtazama kwa macho mekundu. "Unahesabu siku wewe, au unahesabu baiskeli?"

Tsuma alitoka akaufunga mlango.

Alasiri ya siku ileile paliitwa baraza karibu na kamba, ili watu wa pande zote mbili wasikie. Alikuja Mzee Chirau, mkubwa wa kijiji. Alikuja pia dresa, mhudumu wa hospitali, kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Randu. Upande wa pili wa kamba walisimama watu wa Munje, na Makame mbele yao.

"Neno ni moja," alisema Mzee Chirau. "Kamba ishuke leo, au tungoje Jumamosi?"

"Ishuke leo!" alisema Boga, mwenye shamba la mihogo. "Chumvi hatuna. Mafuta ya taa hatuna. Mke wangu ananitazama kama mimi ndiye niliyeifunga."

"Tungoje," alisema mama mmoja aliyefiwa na mtoto. "Siku mbili ni nini? Mimi nimepoteza wa kwangu. Sitaki mwingine alie."

Tsuma alisimama. "Nyie mnaongea na watu wasiosikia. Juzi gari la bwana mmoja wa mashamba limepita hapa. Askari kaishusha kamba, kapiga na saluti! Ndui inamwogopa mwenye gari? Sisi wenye miguu ndio tunaoambukiza? Shusheni kamba leo!"

Watu walishangilia. Hata askari mmoja alitazama chini.

Dresa Randu alingoja kelele zitulie. "Bwana Tsuma, gari lile lilikosea kupita. Nimewaambia wakubwa kwa kinywa changu, na sikupendwa kwa hilo. Lakini kosa la mkubwa halifanyi ndui iwe ndogo. Niruhusuni niwaeleze kwa nini siku ni kumi na sita."

"Eleza, mwanangu," alisema Mzee Chirau.

"Mtu akiambukizwa ndui leo, kesho haumwi. Anakula, anatembea, anacheka. Ugonjwa unakaa ndani yake kimya, mara nyingi siku kumi na mbili, mara nyingine zaidi ya wiki mbili. Halafu ndipo homa inaanza. Kwa hiyo tukishusha kamba mapema, tunaweza kumtoa mtu aliye mzima kwa macho, akaenda kuugulia kwa jamaa zake. Siku kumi na sita ni za kungojea yule ambaye hatujamwona."

"Na akitokea mgonjwa mpya?" aliuliza Boga.

"Tunahesabu upya tangu siku aliyotengwa."

Watu wakaguna. Tsuma alikohoa kidogo. "Dresa, nauliza tu. Mtu akitoka vipele, atajuaje kuwa ni tetekuwanga?"

"Swali zuri. Tetekuwanga hujaa zaidi kifuani na mgongoni. Vipele vyake havilingani. Vingine vinatoka leo, vingine vimeshakauka. Ndui hujaa usoni, mikononi na miguuni, hata viganjani na nyayoni. Navyo hulingana, vyote vimekua pamoja. Lakini usijipimie nyumbani. Ukiona, tuite."

Tsuma aliviona moyoni viganja vya Mbeyu. Alikuwa ameviosha mwenyewe asubuhi.

"Jambo la pili," dresa aliendelea, "ndui hukaa katika nguo, matandiko na magamba ya vidonda. Mtu anaweza kuipata kwa kukaa kitandani pa mgonjwa. Na huko Munje chanjo iliisha kabla watu hawajaisha. Sanduku jingine linaletwa Jumatatu. Ambao hawajachanjwa wasikaribie huku."

"Ah, dresa, unatutisha bure!" Makame alidakia kutoka ng'ambo, akicheka. "Huku hakuna anayeumwa. Hata Mwanasiti wangu nimemwambia, chanjo ya nini, ujiharibu mkono? Na Jumamosi anaingia hapo kumwona shoga yake."

Mwanasiti wangu. Neno hilo lilimwingia Tsuma kama mwiba wa samaki kooni. Alifungua kinywa amtukane Makame, na tusi lilikuwa tayari. Lakini alichokiona mbele yake hakikuwa Makame. Alimwona Mwanasiti amekaa kitandani kwa Mbeyu, amemshika kiganja, anampangusa jasho. Akamwona usiku anarudi Munje. Akauona uso ule.

"Nyumbani kwangu mna mgonjwa," Tsuma alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Mzee Chirau akamwuliza, "Unasemaje?"

"Mbeyu. Siku ya tano leo. Vipele viko usoni na viganjani. Hakuchanjwa, kwa kuwa yumo eda. Nilimficha."

Baraza likawaka moto.

"Muuaji!" mtu alipiga kelele.

"Ulikuwa unatuambia kamba ishuke leo!" Boga alisema, akimwendea kwa fimbo. "Leo, Tsuma! Na mgonjwa kwako ndani!"

Mzee Chirau akaingia kati. "Mwacheni. Amesema. Ni wangapi hapa mna watu mmewafungia milango? Semeni sasa, kabla sijaingia nyumba kwa nyumba."

Mzee mmoja akainua mkono polepole. Naye alikuwa na binti yake mjane katika eda, mzima, lakini hakuchanjwa. Kisha wa pili akainua.

Dresa Randu alijishika kichwa. "Mimi nimekosa," alisema. "Sisi tuliotumwa tumekosa. Tulihesabu wanaume mlangoni, tukaandika nyumba. Hatukuleta mwanamke wa kuingia ndani."

Hilo Tsuma hakulitazamia. Hakuwahi kumsikia mtu wa serikali akisema amekosa.

Jioni ile aliletwa Asiya, mkunga wa hospitali. Mzee Chirau alikwenda naye mpaka mlangoni, akasema kwa sauti Mbeyu asikie: "Binti yangu, eda haikatazi tiba. Ruhusa unayo." Asiya akaingia, akatoka.

"Ni ndui," alisema. "Hakuna shaka, Mzee. Mgonjwa atachukuliwa, nami nitakaa naye mwenyewe. Nimechanjwa. Kesho nitawachanja wale wawili huko ndani kwao. Na wewe kaka, nguo na matandiko yake yote uyachemshe, yatokote sana. Kitanda ukimwagie maji ya moto. Kirago kile cha kulalia kichome. Usimpe mtu kitu hata kimoja."

"Leso je? Hazijavaliwa bado, ni mpya."

"Zimemfunika?"

"Zimemfunika."

"Basi chemsha."

Tsuma aliweka sufuria kubwa uani. Leso zile zilitoa rangi, maji yakawa mekundu, na maua yake yakaingiliana. Aliyakoroga kwa mti, akilaani wakubwa wote wa dunia, lakini aliacha yatokote mpaka mwisho.

Hesabu ikaanza upya. Majirani walipita bila kumwamkia. Jumapili, Tsuma akiwa juu ya mnazi, aliwaona wazee watatu wa Makame wakiingia kwa Mwanasiti na kanzu zao nyeupe. Jumatatu aliona watu wamejipanga mstari Munje, na Mwanasiti yumo, amekunja mkono wa nguo. Makame alikuwa nyuma yake. Wiki moja baadaye upepo ulileta vigelegele vya harusi. Siku hiyo Tsuma aliangua nazi nyingi kuliko alizoagizwa, nyingine bado changa.

Kamba haikushuka mpaka siku zote kumi na sita zilipotimia, na hapakutokea mgonjwa mwingine. Wale wanawake wawili wa eda walibaki wazima. Munje hakuugua hata mtu mmoja. Mbeyu alibaki kibandani mpaka gamba lake la mwisho lilipoanguka. Alirudi na makovu usoni, amedhoofika, lakini yu hai. Boga ndiye aliyebeba kiti alichokalia njiani, na alipokitua alimwambia Tsuma, "Haya, salama," basi.

Siku ya pili yake Mwanasiti alibisha hodi. Alikaa na Mbeyu mkekani, wakashikana mikono, wakalia kidogo, wakacheka. Tsuma ndiye aliyepika chai, maana Mbeyu hakuwa na nguvu.

"Onyesha," Mbeyu alimwambia shoga yake. Mwanasiti akafunua bega. Palikuwa na kovu dogo la mviringo.

"Makame hakutaka," Mwanasiti alisema. "Lakini nilipoambiwa yaliyosemwa barazani, nilikwenda. Nikamburura na yeye. Alilia mbele za watu, wallahi."

Tsuma alicheka kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu masika. Halafu kicheko kikamwisha. Uso wa Mwanasiti ulikuwa laini, hauna hata alama ya mbu, na ulikuwa wa mtu mwingine. Wivu ulimkaa palepale kifuani, haukwenda popote. Hata hivyo aliendelea kuutazama uso ule, na hakutamani kuufuta.

Nje kengele ya baiskeli ililia. "Mke wangu!" Makame aliita. "Twende, jua hilo!"

"Ngoja hapo!" Tsuma alimjibu kwa ukali. "Hajamaliza chai."

Akachukua birika, akammiminia Mwanasiti kikombe cha pili, taratibu, mpaka ukingoni, ili kisiishe upesi.