Mawe ya Masikio Ndani ya Siki

Majira ya baridi, shule ilipokwisha, Jorid alivaa aproni yake ya mpira, ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaenda ghala la bandarini kukata ndimi za samaki. Kisiwani kwao kazi hiyo ni ya watoto tangu enzi za mababu. Meli huleta chewa kutoka bahari kuu, wakubwa huanika miili juu ya chanja, na vichwa huachiwa watoto. Unachomeka kichwa kwenye msumari, unapitisha kisu, ulimi huo! Kichwa kinarushwa upande, unachukua kingine.

Jorid alikuwa na mkono mwepesi kuliko wenzake wote. Ndiyo maana Bi. Synne, mtafiti wa samaki aliyekuja kukaa kisiwani, alimwomba afanye kazi ya pili. Kila chewa aliyevuliwa na babu yake ndani ya hori lao, mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, Jorid amtoe mawe mawili ya masikio, ayafute, ayatie kwenye bahasha yakiwa makavu.

"Kumbe samaki ana masikio?" Sindre, mkataji mwenzake, aliangua kicheko. "Basi mtafutie na hereni!"

"Anayo, ila yamo ndani ya fuvu," Bi. Synne alijibu huku naye akicheka. "Humo sikioni mna maji maalumu, yenye chumvi na chokaa kwa kipimo chake. Maji hayo ndiyo yanayojenga jiwe, tabaka juu ya tabaka, tangu samaki akiwa mchanga mpaka afe. Kiangazi anakula akashiba, tabaka linakuwa pana. Baridi ikibana, linakuwa jembamba. Samaki wa hori na wa bahari kuu hawakui sawa utotoni, na jiwe linahifadhi tofauti hiyo."

Babu Hallvard alisikiliza kwa makini kuliko watoto. Wakuu wa wilaya walikuwa wanataka kuruhusu meli kubwa ziingize nyavu horini. Walidai kwamba chewa wazaliwa wa hori walikwisha zamani, waliobaki ni wapita njia tu. Babu alikuwa amebishana nao mpaka sauti ikamkauka.

"Mjukuu wangu," alimwambia Jorid, "mimi wananiita mzee mbishi. Mawe hayo hawatayaita hivyo."

Jorid alifanya kazi kwa moyo wote, na bahasha zikajaa sandukuni. Siku moja kabla ya Bi. Synne kuja kuzichukua, Sindre alinusa sanduku akajishika pua.

"Mama wee! Unampelekea mgeni shombo hii? Ataanguka!"

Maneno yale yalimchoma. Jikoni kwao, bibi aliposindika samaki kwa siki, alizoea kusema hakuna shombo inayoishinda siki. Basi Jorid akaona amepata dawa. Alimimina mawe yote kwenye bakuli la siki. Vipovu vikaanza kupanda. Akafurahi, akidhani ni uchafu unaotoka, akaenda kula chakula cha jioni.

Aliporudi, alichungulia bakulini. Mawe yale meupe, yaliyokuwa na kingo nzuri za mawimbi, yalikuwa yamelika yakawa kama vipande vya sabuni inayokaribia kwisha. Aliyasuuza haraka, akayafunga kwenye kitambaa. Kuyatupa hakuweza.

Kesho yake alfajiri alikwenda ghalani peke yake. Vichwa vya samaki wa bahari kuu vilikuwa vimerundikana tele. "Jiwe ni jiwe," alijiambia. Akatoa mawe mapya, akajaza bahasha zile zile, kila moja ikiwa bado imeandikwa jina la hori. Ama kweli, woga ni mshauri mbaya.

Mchana huo Bi. Synne aliweka hadubini yake kwenye meza ya ghala. Babu alikuja amevaa sweta lake la sikukuu, akasimama kofia mkononi. Jiwe la kwanza likavunjwa katikati, likatazamwa. La pili. La tatu. Uso wa Bi. Synne ukazidi kuwa mzito.

"Mzee Hallvard, samahani sana. Hawa wote ni wa bahari kuu. Hakuna hata mmoja wa hori."

Babu hakubisha. Alivaa kofia yake taratibu. "Basi nimekuwa nikiota macho wazi," alisema. "Waambieni walete nyavu zao."

Hapo Jorid hakustahimili. Kumwona babu yake akikubali uongo ulioundwa na mikono ya Jorid mwenyewe kulimuuma kuliko adhabu yoyote.

"Babu, si kweli! Mimi ndiye niliyebadilisha!" Akalia, akaeleza yote, siki, vipovu na vichwa vya alfajiri. Akatoa kitambaa mfukoni. "Ya hori ni haya. Nimeyaharibu."

Bi. Synne alikasirika, na hakuficha. "Ningeandika uongo huu, Jorid, na jina langu chini yake!" Kisha akavuta pumzi, akachukua kipande kimoja, akakivunja, akakitazama. Akachukua kingine.

"Ala! Mzee, hebu njoo utazame."

Babu alifumba jicho moja, akainama.

"Siki inayeyusha chokaa," Bi. Synne alieleza. "Imekula matabaka ya nje, kwa hiyo umri wa samaki hawa hatutaujua tena. Hiyo ni hasara kweli. Lakini utoto wa samaki umo katikati ya jiwe, na siki haikufika huko. Huyu alikulia horini. Na huyu pia. Huyu ni wa bahari kuu. Na huyu, wa hori!"

Babu aliketi juu ya ndoo, akacheka huku akifuta machozi kwa kofia.

Jorid alimwaga mawe ya uongo, akarudisha ya hori kwenye bahasha, akaandika kwa mkono wake juu ya kila moja: *Yalilowekwa kwenye siki.* Wiki zilizofuata alitoa mawe mengine, akayafuta makavu, yakanuka shombo yake yote. Nayo yalisema vilevile. Baridi ilipopungua na siku kuanza kurefuka, wakuu wa wilaya walisoma ripoti ya Bi. Synne, wakatangaza kwamba nyavu kubwa haziingii horini.

Jioni hiyo Babu alimkuta Jorid jikoni, akamkalisha karibu naye.

"Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, nawe umeiona mwisho wake. Kosa la siki lilikula ganda tu. Uongo ndio uliotaka kulimeza hori zima. Siku nyingine ukiharibu, niletee kilichobaki, hata kama ni kipande. Kipande cha kweli kina kazi, lakini kizima cha uongo hakina."

"Nimesikia, babu."

"Haya, mpelekee bibi yako hiyo chupa ya siki. Samaki wanamsubiri."