Sauti Waliyokatazwa Kuitikia

Hebu fumba macho, uione cherehani kando ya dirisha, saa za mchana, na bibi kizee anayeikanyaga kwa bidii. Kitambaa kinapita chini ya sindano, kinatokea upande wa pili. Hakuna uzi.

"Mama, unashona nini bila uzi?" binti yake akauliza, akicheka.

"Shh! Utamwamsha mgeni." Akaonyesha kitanda kitupu.

Binti akaacha kucheka, akamwita mjomba wake. Jana tu mama huyu alimtania fundi wa jirani kwamba mishono yake inapepesuka kama mlevi. Leo amekataa chakula, anamwita bintiye "dada", na pumzi zinamtoka fupifupi, kama za mtu aliyekimbizwa.

Mjomba alipofika, akamgusa mama paji la uso. "Mwili baridi. Hakohoi. Hii si homa, mpwa wangu. Ni jini." Akashusha sauti. "Funga madirisha, tufukize ubani mpaka mganga aje. Na likisema kwa sauti ya mama yako, usiitikie. Ukiitikia tu, linaondoka naye."

Wakamlaza mama kitandani, moshi ukajaa. Kitandani kukaanza kusikika mlio kama msumeno unaokata ubao mbichi, ukaenda mbio, ukakwama, ukaenda mbio tena, na katikati yake ikatoka sauti nyembamba ikisema, "Mwanangu, nifungulie dirisha," ikarudia, ikabembeleza, ikamwita binti kwa jina la utotoni, lile walilolijua wao wawili tu, naye akaziba masikio akilia huku mjomba akimnong'oneza, "Usiitikie, usiitikie," hadi sauti ikachoka, ikanyamaza.

Mganga alipoingia, aliitazama midomo ya mgonjwa iliyogeuka rangi ya majivu, akamwagia maji chetezo cha ubani.

"Nani kawaambia huyu ana jini? Hicho ni kifua! Tafuteni gari, hospitali, sasa hivi!"

Huko hospitali, daktari alisema ni nimonia. "Wazee wengine hawapati homa wala kikohozi," akaeleza taratibu. "Akili ndiyo inayovurugika kwanza. Mngemleta mapema, dawa ingemkuta na nguvu."

Binti akainama sikioni mwa mama yake. "Labeka, mama. Nipo. Labeka." Aliendelea kuitikia hata muuguzi alipokwisha kuivua barakoa ya oksijeni na kuufunika uso, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Nakuomba ukumbuke moja tu: mzee akibadilika ghafla na pumzi zikamwenda mbio, hata mwili wake ukiwa baridi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.