Baruti Haumi

Kila siku baada ya masomo, Radostina alipitia nyumbani, akala mkate na jibini, kisha akatembea hadi nje kidogo ya mji wa Lom, kwenye makao ya mbwa waliokataliwa. Shangazi yake, Nevyana, alifanya kazi pale. Radostina aliosha mabakuli, akazoa kinyesi na kubadilisha majani makavu ya kulalia. Wenzake darasani walimwita Mama Kinyesi na kuziba pua alipopita. Yeye hakujali sana, kwa kuwa alikuwa na Baruti.

Baruti alikuwa mbwa mkubwa mweusi aliyeletwa na mmiliki wake. Yule bwana hakutaka hata kuingia ndani.

"Nimemfunga mnyororo, nimemchapa kwa mpira wa maji, nimemnyima chakula, na bado hana adabu," alisema, kana kwamba anasimulia kazi aliyoifanya vizuri. "Anauma. Mfanyeni mtakavyo."

Alimtupia shangazi mnyororo, akaingia garini akaondoka bila kugeuka. Baruti alililia lile gari mpaka sauti ikamkauka.

Tangu hapo, akiona mpira wa maji alijikojolea. Mtu akilikaribia bakuli lake, alimrukia. Lakini Radostina alipokaa kimya pembeni, mbwa alikuja mwenyewe kulaza kichwa chake gotini kwake. Watu waliokuja kuchagua mbwa walielezwa tabia zake, wakapita. Msimamizi, Bwana Asparuh, alichoka.

"Huyu hatakiwi na mtu," alimwambia shangazi mbele ya Radostina. "Daktari akija mwezi ujao, atamchoma sindano ya kumuua. Tusidanganyane."

Jumamosi iliyofuata walikuja mume na mke pamoja na mtoto wao Yavor, ambaye alikuwa hajaanza shule. Shangazi alikuwa nyuma akimhudumia mbwa mgonjwa, hivyo Radostina akawatembeza wageni. Walisimama mbele ya banda la Baruti.

"Huyu ana macho mazuri," alisema yule mama. "Haumi?"

Radostina aliikumbuka sindano.

"Haumi," alijibu. "Ni mpole kuliko wote."

Bwana Asparuh, aliyekuwa na hamu ya kumwondoa, aliuliza tu kama wameelezwa tabia zake. Yule mama akasema msichana amewaeleza vizuri. Baruti akapandishwa garini. Radostina alifagia banda lake akiimba.

Jumatano walirudi. Baba alifungua buti la gari, akamburuta Baruti kwa shingo na kumwangusha kwenye theluji. Jicho lake moja lilikuwa limevimba likafumba, na mguu wa nyuma haukukanyaga chini.

"Nimempiga mpaka fimbo ikavunjika," baba alisema. "Nisingechoka, ningemmaliza. Mwanangu ameshonwa shavu. Aliinama kuokota kipande cha mkate karibu na bakuli, basi."

Mama akamfuata Radostina hadi pale alipokuwa.

"Nilikuuliza, au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ulikuwa unajua?"

Shangazi alikuwa ametoka nje, anasikia. Radostina angeweza kusema hakujua. Alimtazama Baruti anayetetemeka chini, akashindwa.

"Nilijua," alisema.

Yule mama akatema mate chini. "Basi njoo umwone."

Siku hiyohiyo shangazi alimpeleka Radostina nyumbani kwa kina Yavor. Yavor alikuwa jikoni, nusu ya uso wake imefungwa bendeji, akinywa supu kwa mrija. Alipomwona Radostina aliteleza kutoka kwenye kiti akaingia chini ya meza.

"Yavor, nisamehe," Radostina alisema.

"Mama, mwambie aende," ilisikika sauti ndogo kutoka chini ya meza.

"Umesikia," mama alisema, akafungua mlango.

Njiani Radostina alilia, na shangazi hakumbembeleza.

"Nilitaka asife, shangazi."

"Najua. Sasa Bwana Asparuh hangoji mwezi ujao. Daktari anakuja Jumatatu."

"Nifanye nini?"

"Utawapigia simu wote waliowahi kuulizia mbwa wa ulinzi. Na utasema yote, ukianza na shavu la Yavor."

Kwa hiyo akapiga. Mmoja alicheka: "Binti, unagawa mbwa au unanitangazia vita?" Mwingine alisema mbwa wa hivyo achomwe moto. Wengine walikata simu kabla hajamaliza. Mtu mmoja tu, mfuga nyuki aitwaye Mzee Tsolo, alimsikiliza hadi mwisho, kisha naye akakata simu.

Jumapili asubuhi huyo mzee alisimama langoni.

"Rudia uliyoniambia," alisema.

"Ameuma mtoto usoni," Radostina alisema. "Ukigusa chakula chake atakuuma na wewe. Mpira wa maji unamtia wazimu. Na sasa mwanamume akiinua mkono tu, anajikojolea."

"Na uzuri wake?"

"Ukikaa bila kumshika, huja mwenyewe. Zamani alikuja. Sasa sijui."

Mzee Tsolo akageuza ndoo, akaikalia ndani ya banda, akaanza kumenya tofaa. Baruti alinguruma kwa muda mrefu. Mwishowe alichechemea akanusa viatu vya mzee, akarudi kulala kwenye kona yake.

"Hakukaa na wewe," Radostina alisema kwa woga.

"Angekuja kunilamba ningejua ananiogopa," mzee alijibu. "Mimi naishi peke yangu, wajukuu wako Ujerumani. Bakuli lake silihitaji. Hata mimi sipendi kuguswa nikiwa nakula."

Akaondoka naye polepole, kamba ikiwa imelegea kati yao.

Radostina alibaki langoni. "Shangazi, mbona sifurahi?"

"Kwa sababu Yavor atakua na kovu usoni, na Baruti huenda asitembee sawasawa tena," shangazi alisema. "Ulimpenda mbwa, lakini ulimpeleka kwa watu wasiomjua. Uongo wako uliwanyima wao nafasi ya kujikinga, na yeye ukamnyima nafasi ya kueleweka. Mzee Tsolo amemchukua mbwa yuleyule, mwenye meno yaleyale. Tofauti ni kwamba yeye aliambiwa ukweli."