Moshi wa Uwanja wa Gehandu

Aliyemweleza Perpetua habari hii kwanza ni wifi yake, Fausta, siku walipokuwa wakipukuchua mahindi nyumbani kwao Gehandu, kando ya uwanja wa majani ambako ndege ya daktari hutua.

"Wewe wa Dongobesh, kwenu mnajua kupungia basi tu," Fausta alimtania. "Sisi tunapungia ndege."

Kisha akaacha kucheka. Ndege ndogo ikiishiwa umeme, alisema, redio hufa na rubani hawezi kusema na mtu. Hupita chini juu ya uwanja akitikisa mabawa. Hapo watu wa nyumba yao hufukuza ng'ombe na kuwasha moto wa majani mabichi, ili moshi umwonyeshe upepo. Lakini mwaka aliofariki babu walikuwa matangani. Kwa desturi yao moto wa jikoni ulizimwa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya boma. Ndege ilizunguka, ikazunguka, ikaingia kwenye wingu la mlima Hanang. Haikuonekana tena. Ndani alikuwemo mama yake Fausta, Efrazia, akirudishwa kutoka hospitali.

"Siku za ukungu bado inazunguka," Fausta alinong'ona. "Ukiisikia, wifi, usiwashe. Mama akishuka, hataondoka peke yake."

Masika yalipoingia, Brightness, mtoto wa Perpetua, alishikwa na homa. Mvua ilikuwa imekata barabara. Muuguzi alisema daktari angekuja na ndege mchana. Perpetua akakaa mlangoni, mtoto kifuani, akitazama ukungu.

Mlio ukaja. Ndege ikapita chini, mabawa yakitikisika. Hakuna taa hata moja iliyowaka.

Alikumbuka onyo. Akamtazama mtoto. Midomo ilikuwa imekauka.

"Na kama ni daktari?"

Akamlaza Brightness kitandani, akachukua makaa kwenye kigae, akakimbia. Akafukuza ng'ombe. Akawasha.

Ndege ikashuka ndani ya moshi. Magurudumu yakagusa majani. Kisha kimya.

Moshi ulipotawanyika, uwanja ulikuwa mtupu.

Alirudi mbio. Brightness alikuwa amefunikwa vizuri, shuka imekunjwa chini ya kidevu. Perpetua hakuwa amemfunika hivyo. Mwili ulikuwa bado na joto. Hakuwa akipumua.

Jioni muuguzi alikuja kutoa pole. Ndege ya daktari, alisema, haikuruka kabisa siku ile kwa sababu ya ukungu.

Fausta hakumlaumu wifi yake. Alimshika mkono wakaenda kutazama. Alama za magurudumu zilianzia katikati ya uwanja. Hapo zilitoka nyayo za mwanamke, peku, hadi mlangoni. Za kurudi zilikuwa zimedidimia zaidi, kama za mtu aliyebeba kitu.

Asubuhi iliyofuata, Fausta alileta maji kuzima moto wa jikoni.

"Usizime, wifi," Perpetua alisema. "Mama na Brightness hawana redio huko juu."

Akachukua makaa, akatoka nje ya boma na msiba wake, akakata majani mabichi, akawasha. Kisha akasimama kando ya moshi, akitazama juu.