Maharagi ya Jubile ya Nyarusozi

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa mbele ya mulango, nachagua maharagi na kutupa mawe, wakati Kapita Kanyamibwa, kiongozi wetu, alipopita akipiga kengele ya mukutano. Mukutano mwingine tena. Tangu mwanzo wa mwaka tulikuwa tunakusanywa kila juma kwa sababu ya jubile. Sentre yetu ya Nyarusozi, hapa Masisi upande wa kushuka Walikale, ilikuwa inatimiza miaka makumi mbili na tano tangu soko lifunguliwe. Ilikuwa mwaka 1946, vita ya Wazungu imekwisha, na kila muntu alitaka kucheza ngoma. Mimi nilitaka tu kupalilia. Majani shambani yalikuwa yamenifika magotini, na Kanyamibwa alikuwa anatuhubiri habari ya umoja.

Mambo ninayosimulia hayakunipata mimi. Yalimupata Constance, muke wa kaka yangu Grégoire, lakini tulikuwa lupango moja, ua moja, na nilikuwa pale tangu mwanzo mpaka mwisho. Constance alikuwa amezaa mutoto mwanaume siku chache mbele ya sikukuu. Kabla ya huyo alikuwa amezika wawili, wote wamekufa bila kupewa jina.

Kwetu mutoto haitwi hivi hivi. Siku ya nane watoto wa majirani wanakuja, wanalima kidogo mbele ya nyumba kwa vijembe vya miti. Mukubwa mumoja anawanyunyizia maji, njo mvua hiyo, na wao wanatupa vijembe na kukimbilia ndani. Hapo wanapewa maharagi kwenye lungo la kupepetea, na wakisha kula, kila mumoja anatoa jina. Wasipokula, hakuna jina. Na mutoto asiye na jina hana mwenyewe, chochote kinaweza kumuchukua. Constance alikuwa anahesabu siku kwa vidole na kuniuliza kila jioni kama nina maharagi ya kutosha.

Basi kwenye mukutano ule Kanyamibwa akatoa wazo lake. Siku ya jubile kila nyumba izime moto wake, ibakize kaa moja tu, ilete kaa hilo sokoni kwenye kigae. Makaa yote yatiwe pamoja, uwashwe moto mumoja mukubwa. Jioni kila nyumba ichukue moto kutoka pale. Watu walipiga makofi sana. Mimi nikasema moto wangu nilipewa na mama yangu siku niliyoanza kupika peke yangu, sitauzima kwa sababu ya ngoma.

"Céline," Kanyamibwa akasema, "weye unapendaka tu kubisha."

Wanawake wakacheka. Nikaacha kubisha. Ningejua, ningebisha mpaka usiku.

Siku ya jubile ukungu haukuondoka. Ulikaa juu ya soko tangu asubuhi, lakini watu hawakujali. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na kasikisi, pombe ya ndizi, ya kutosha kijiji kizima, na lazima niseme ukweli, ilikuwa vizuri. Watu ambao hawakusalimiana mwaka muzima walishikana mikono. Nyumba moja moja ilipita, ikaweka kaa lake, ikapigiwa vigelegele.

Wakati wa mwisho mwisho akaja mama mumoja kutoka upande wa juu. Mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Kikwembe alichojifunga kilikuwa kinadondosha maji, na mvua haikuwa imenyesha siku ile. Mugongoni alibeba mutoto, amemufunika mpaka kichwa. Kigae chake kilikuwa na kaa moja jeusi, halina moshi hata kidogo.

"Weye ni wa kwa nani, dada?" nikamuuliza.

"Kwa Hakorimana," akasema kwa sauti ya chini sana.

"Hakorimana gani?"

"Wa pale juu."

Pale juu hapakuwa na nyumba. Palikuwa na shamba la maharagi tu, mpaka kwenye jiwe la kilele. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini Kanyamibwa alikuwa amefika na kasikisi kichwani.

"Céline, acha matata. Leo hatuulize muntu anatoka wapi. Siye bote ni ba hapa."

Akapokea kigae kwa mikono miwili, akasema aksanti mama, akalitia lile kaa jeusi katikati ya moto. Moto ukapanda juu, watu wakashangilia. Yule mama alimutazama Kanyamibwa kama muntu aliyengoja neno lile muda murefu. Nilipogeuka tena, hakuwapo.

Jioni tukabeba moto nyumbani. Nikapika maharagi ya kesho. Yakachemka vizuri, povu likapanda, nikaongeza maji, nikaongeza kuni. Nikaonja. Mabichi. Nikasema ni maharagi ya zamani, nikaendelea. Mpaka kuni zikaisha bado yalikuwa yanagonga meno. Asubuhi nikaanza tena, na jua lilipopinduka yalikuwa vile vile.

Nilidhani ni mimi tu. Kumbe ni sentre nzima. Viazi vilichemka na kubaki vigumu. Sombe, majani ya muhogo, ilibaki na uchungu wake. Ugali ulikuwa unga na maji ya moto. Unatia mukono mu chungu unaungua, unatia chakula mu kinywa ni kibichi. Wanaume wakasema wanawake wamelewa jubile, wamesahau kupika. Wanawake wakaanza kutazamana vibaya, huyu kaniroga, yule kanifunga chungu. Umoja wetu haukumaliza hata juma moja. Grégoire akanunua kiberiti, akauzima moto wote, akawasha mupya. Ukawaka vizuri sana. Maharagi yakabaki mabichi.

Na Kanyamibwa alifanya nini? Aliita mukutano.

Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Constance alikuwa anakula ndizi mbivu na maji, muzazi wa juzi, na maziwa yake yalikuwa yanapungua. Mutoto alilia asubuhi. Jioni hakulia tena, alifungua kinywa tu. Siku ya jina ilikuwa imekaribia, na mimi sikuwa na hata kijiko kimoja cha maharagi ya kuwapa watoto.

Mama yetu Epiphanie alikuwa mugonjwa wa baridi ya mwili, hakuwa amekwenda sokoni siku ya sikukuu. Nilikuwa namulalamikia, nikamutajia yule mama aliyetoka juu na kujiita wa kwa Hakorimana. Mama akaweka kikombe chini.

"Alisema wa pale juu?"

"Njo alisema hivyo."

Akafunga mulango kwanza. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa sijasikia habari ile hata siku moja tangu nizaliwe.

Hakorimana alikuwa na nyumba pale juu, kabla ya soko. Muke wake alikuwa amezaa. Siku ya jina ya mutoto ilifika mbele ya siku ya kufungua soko, na mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Watoto wao na wa ndugu yao walikuwa wamekwisha kulima vijembe vyao mbele ya nyumba, wanangoja wanyunyiziwe maji. Chungu kilikuwa motoni. Mulima ukashuka. Haukubakiza hata nguzo.

"Tulichimba mpaka giza," Mama akasema. "Kesho yake ilikuwa sikukuu ya soko, bakubwa bakasema tusiharibu furaha ya batu, tutachimba kisha. Kisha ikaota majani. Kisha batu bakapanda maharagi."

"Na hamukurudia?"

"Hatukurudia."

Nilitaka kumupigia kelele mama yangu muzazi. Miaka yote ile tumekula maharagi ya shamba lile.

Siku ya nane Grégoire alikuwa amechoka na kila kitu. Alisema, "Mutoto ataitwa Edmond. Nimekwisha kuchagua, mambo iishe." Mama akakataa. Akasema jina la baba linakuja nyuma ya majina ya watoto, siku zote, na leo zaidi. Wakabishana mpaka Grégoire akachukua kofia na kwenda zake kwa kasikisi.

Tukaita watoto wa majirani hata hivyo. Wakalima, Mama akawanyunyizia maji, wakakimbia ndani wakicheka. Nikawawekea lungo na maharagi yale yale. Wakatafuna. Wakatema. Mudogo akaanza kulia kwamba meno yanamuuma, na wakaondoka mumoja mumoja. Hakuna aliyetoa jina. Constance alimubana mutoto kifuani. Mutoto alikuwa amelegea, macho nusu.

Mchana ule ule ukungu ukashuka. Ukaingia mpaka mulangoni. Tulibaki sisi watatu, mimi, Mama na Constance. Nikainama kuliondoa lungo.

Mama akanishika mukono. "Acha."

Njo nikasikia. Inje, mbele ya nyumba, vijembe. Vidogo vidogo. Tak, tak, tak, kwenye udongo mulaini. Nilisimama mulangoni nikatazama. Ukungu mutupu. Vijembe vya miti vya watoto vilikuwa vimelala pale walipovitupa. Na udongo ulikuwa unapinduka. Hapa kidogo. Pale kidogo.

Mama akasema kwa kunongoneza, "Banangoja mvua."

"Mvua gani, Mama?"

"Hakuna muntu aliwanyunyizia."

Sijui nilipata wapi nguvu. Nafikiri ni hasira tu. Nilikuwa nimechoka na jubile, nimechoka na kuni, nimechoka na wakubwa waliosema tutachimba kisha. Nikashika tawi, nikalitia mu maji, nikanyunyizia ule ukungu kwa nguvu zangu zote.

Vijembe vikanyamaza.

Kisha miguu. Miguu midogo, mingi, inakimbia. Ikanipita pale mulangoni. Baridi ikanigusa magotini, haikupanda juu zaidi. Nyumba ikajaa harufu ya udongo wa mvua.

Hatukuona muntu. Tulisikia kutafuna. Maharagi mabichi yanavunjika, krak, krak, polepole, bila haraka. Lungo likaanza kupungua. Constance hakusogea. Akamuweka mutoto kwenye magoti, akamufunua uso, kama mama yeyote anavyofanya siku ya jina.

Sauti ya kwanza ilitoka chini, karibu na miguu yake. Ikataja jina. Kisha ya pili. Kisha nyingine, ya mutoto mudogo sana asiyeweza kutamuka vizuri. Ya mwisho ilisema, "Nzabandora."

Mutoto wa Constance akavuta pumzi na kulia kwa nguvu.

"Nzabandora," Constance akasema. "Aksanti, batoto yangu. Huyu ni Nzabandora."

Nilidhani imekwisha. Nikageuka kushukuru Mungu. Yule mama alikuwa amesimama mulangoni, na mikono yake ya udongo, na maji yanadondoka. Alikuwa amemushusha mutoto kutoka mugongoni. Alimushika mbele, angali amefunikwa.

"Na wangu?" akasema. "Wangu banamuita nani?"

Mama aliziba uso. Lakini Constance alikuwa amezika wawili bila jina, na alimuelewa yule mama kuliko sisi. Akatafuta jina, na lililokuwa karibu lilikuwa moja tu.

"Edmond," akasema. "Wako ni Edmond."

Yule mama akainamisha kichwa, akamunongonezea mutoto wake lile jina, akamufunika vizuri, akaingia mu ukungu. Harufu ya udongo ikatoka naye. Nyuma yangu kitu kilianza kunukia, nikachelewa kujua ni nini, sababu nilikuwa nimesahau. Maharagi yaliyobaki mu chungu yalikuwa yameiva. Saa ile ile wanawake walikuwa wanaitana kutoka lupango hadi lupango, sombe imeiva, viazi vimeiva. Kanyamibwa akatangaza kwamba umoja umeshinda.

Sasa sikiliza mambo ya kaka yangu. Tulimueleza yote. Tulimuonyesha lungo tupu na udongo uliopinduliwa. Alisema ni wanawake wenye njaa wameota mchana. Constance alipiga magoti mbele yake.

"Usimupe Edmond. Hiyo jina iko na mwenye yake."

Akamupeleka kubatizwa, Edmond. Kwa barua za serikali Edmond, kwa kanisa Edmond.

Siku mutoto alipoanza kutembea, Grégoire alisimama mulangoni kumuita. "Edmond, kuya kula." Mutoto alikuwa amekaa miguuni pangu, hakugeuka hata. Kutoka juu, kwenye shamba la maharagi, mutoto mwingine akaitika.

"Niko nakuya, Papa."

Grégoire hakula siku ile. Tangu hapo nyumbani ni Nzabandora tu, na Grégoire njo wa kwanza kukukaripia ukikosea. Alikwenda kwa Kanyamibwa kuomba watu wachimbe pale juu, wawazike wale vizuri na musalaba. Kanyamibwa aliita mukutano. Wakakubaliana wote, kwa umoja. Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi. Mwaka uliofuata ilikuwa kodi. Tunaandika leo 1959, na mwaka huu wanasema ni baada ya mavuno.

Lakini barua ni barua, na shuleni Nzabandora bado anaitwa Edmond. Mwalimu Sebarenzi ni mugeni hapa, hajui kitu. Juma lililopita alikuja kwetu amekasirika, akakataa hata kukaa.

"Mutoto yenu ananichezea," akasema. "Kila asubuhi naita Edmond, anajibu 'présent' kutoka inje, kwa dirisha. Nikiinua macho, namukuta amekwisha kaa kwa benchi, kinywa kimefungwa. Na si mutoto tena, sauti yake imeanza kuvunjika ya kiume. Kesho akiitika vile, nitamufungulia mulango na kumuamuru aingie."

Constance alitazama chini. Nzabandora alikuwa amekaa pale pale kati yetu, anamenya ndizi. Akasema, na sauti yake bado nyembamba ya kitoto, "Mwalimu, mimi sijawahi kuitika."