Karatasi ya Protase

Mzee Kagaruki aliishi Ijumbi, upande wa Muleba. Alikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Asubuhi alipalilia. Mchana alikula ndizi na maharage aliyopika mkewe, Alistidia. Mara mbili kwa wiki alikwenda darasa la watu wazima kujifunza kusoma. Hakuwa mwoga. Akikuta nyoka, alimuua kwa fimbo, kisha akaendelea na kazi yake. Lakini karatasi ya ofisi ikiingia nyumbani kwake, alikosa hata hamu ya kula.

Msimcheke. Alikuwa na sababu.

Mwanawe Protase alikuwa mchoraji. Alianza kazi mwaka uliopita mjini Bukoba. Aliandika majina ya maduka kwenye vibao na kuchora picha za bidhaa. Alikuwa na mkono mzuri, lakini hakuna mtu aliyemfundisha. Mvua ikinyesha, rangi zake zilibanduka, na wateja walinung'unika. Jumamosi moja ya mwaka 1956 alirudi nyumbani na karatasi mkononi.

"Tata," alimwambia baba yake, "chama cha wakulima wa kahawa kimetenga fedha. Ni za vijana wenye kazi za sanaa, ambao ndiyo kwanza wanaanza. Nikipata, nitakwenda Kampala miezi sita kujifunza. Bila hivyo kazi itanishinda. Nimekwisha poteza wateja wanne."

"Mimi nafanya nini hapo?"

"Utie sahihi, waitu," alisihi kwa heshima. "Ijumaa ndiyo mwisho."

Kagaruki aliweka kidole kwenye karatasi. "Hapa wanataka nini?"

"Jina la kibanja cha mzazi."

"Na hapa?"

"Mdhamini."

Mzee akakiondoa kidole haraka.

"Babu yako alitia dole gumba kwenye karatasi kama hii," alisema. "Karani alimwambia ni hesabu ya watu tu. Mwaka uliofuata tukaambiwa shamba letu limeingia katika nyarubanja, milki ya mkubwa mmoja. Tukawa watu wa kumlipa bwana, ili tukae pale pale tulipozaliwa. Babu yako alikufa akiuliza kosa lake. Kibanja hiki nimekinunua mwenyewe, kwa kahawa ya miaka kumi na miwili. Sitii dole!"

Akaichukua ile karatasi, akaichomeka ndani ya nyasi za paa.

Tangu siku hiyo hofu ikaingia nyumbani. Kila asubuhi Kagaruki alizunguka shamba akihesabu miramula, mimea ile inayopandwa mpakani. Akiona mtu wa baiskeli barabarani, alijificha migombani. Hata darasani hakwenda tena. Protase alibaki nyumbani akimsubiri. Alistidia alimenya ndizi huku akiwaza. Aliogopa kibanja kitakwenda. Aliogopa pia kwamba mwanawe atavunjika moyo, atupe brashi na asirudi nyumbani.

Jumatano alikuja Mwalimu Ashura, mwanamke wa mjini Bukoba aliyefundisha darasa la watu wazima. Alitaka kujua kwa nini mwanafunzi wake haonekani. Alistidia alimwambia yote, hata habari ya kujificha migombani.

"Mzee Kagaruki, niletee hiyo karatasi," alisema Mwalimu.

"Haya, nisomee."

"Sisomi. Utasoma wewe."

"Macho yangu siku hizi hayaoni."

"Mtu wa baiskeli unamwona akiwa bado mlimani!"

Alistidia akaziba mdomo asicheke. Kagaruki akaitoa karatasi kwenye nyasi za paa. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Fe-dha hi-zi ni ru-zu-ku. Ha-zi-ru-di-shwi." Akainua kichwa. "Ruzuku ni nini?"

"Ni msaada. Mkopo unarudishwa, na ukishindwa wanaweza kuchukua mali uliyoweka rehani. Ruzuku hairudishwi. Ila inatumika kwa kazi iliyotajwa tu. Protase akiomba fedha za mafunzo na rangi, asije akanunua suti."

"Na huyu mdhamini?"

"Soma chini yake."

Alisoma kwa muda mrefu. "M-dha-mi-ni a-na-e-le-za ta-bi-a ya mwo-mba-ji. Ha-we-ki ma-li yo-yo-te." Akairudia mara ya pili, na ya tatu.

"Na jina la kibanja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ili barua ikufikie. Lakini usiniamini kwa maneno tu. Hata karani yule wa zamani alisema maneno mazuri. Penye nafasi tupu piga mstari, mtu asije akaongeza neno baada yako. Kisha andika nakala yako, karani aigonge muhuri, uitunze."

"Kwa hiyo nimekuwa mjinga kuogopa?"

"Hapana, Mzee. Baba yako alitia dole kwenye kitu asichokijua. Wewe sasa unakijua."

Alhamisi Protase alitayarisha mambo yake. Alichagua picha tatu. Aliandika anataka kujifunza nini, wapi, na gharama yake. Rasiklal, mwenye duka mjini, alimpa barua: kijana huyu ana mkono mzuri, rangi zake ni mbaya, tafadhali msaidieni haraka.

Ijumaa, mbele ya karani wa chama, Kagaruki aliusogeza kando wino wa dole gumba. Aliomba kalamu. Aliandika jina lake, na herufi zikapanda juu. Shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Ruzuku ilipatikana. Protase alipanda meli kwenda Kampala. Miezi sita yote mzee aliendelea kuzunguka mpaka wake. Hofu ya miaka mingi haiondoki kwa wiki moja, na mimi siwezi kuwadanganya.

Protase aliporudi, vibao vyake vilistahimili mvua. Wateja wakarudi na wengine wakaongezeka. Alikodi chumba Kagondo, akaanza kufundisha vijana wawili.

Mwaka mmoja baadaye, saa sita mchana, mtu wa baiskeli alishuka mlangoni kwa Kagaruki. Alikuwa na mkoba.

"Wamekuja," alisema Alistidia. Sufuria ikamponyoka.

Kagaruki aliingia ndani. Alitoka na nakala yake yenye muhuri, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Natoka chamani," alisema mgeni. "Nina barua yako."

"Nipe. Nitaisoma mwenyewe."

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho, akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

"Wanataka nini?" alilia Alistidia. "Sema! Wanataka kibanja?"

"Wanataka kujua mwanetu anaendeleaje," alisema Kagaruki. Machozi yakamtoka. "Miaka yote hii, hakuna karatasi iliyowahi kuniuliza habari za mwanangu."

Mgeni alisubiri, akapewa ndizi. Kagaruki akaandika jibu lake, barua ya kwanza maishani mwake:

"Kwa Chama. Protase hajambo. Ana kazi. Anafundisha wenzake wawili. Mimi nipo kwenye kibanja changu. Kagaruki."