Mwenye Kinyago Hakilazi

Jioni ile nilifunga karakana mapema, nikajipangusa vumbi la vioo mikononi, nikampigia mume wangu kumwambia nitachelewa kidogo.

"Unapitia wapi?"

"Namfuata Bawabu."

Akacheka. "Msalimie. Na umwambie huku chakula hakitoshi."

Bawabu ni kinyago. Hakizidi kidole gumba kwa urefu: mzee mwenye fimbo, amesimama kana kwamba analinda mlango. Kazi yangu ni kusaga vioo vya miwani, lakini roho yangu iko kwenye vinyago vya kuchezea mezani. Vinakuja vimeshapakwa rangi kiwandani, ndani ya boksi lililofungwa, na hujui umempata nani mpaka ulichane. Ndiyo maana kila mkusanyaji ana pacha tele, vinyago vilivyojirudia, na pengo moja linalomnyima usingizi. Pengo langu lilikuwa Bawabu. Na pacha hatuuziani. Tunabadilishana, kimoja kwa kimoja. Ndiyo desturi yetu.

Kuna desturi nyingine. Kinyago kikishindwa mchezoni hulazwa ubavu, na mwenye kinyago hakilazi mwenyewe. Aliyekishinda ndiye anayekilaza, kwa mkono wake. Nilidhani ni adabu tu ya mezani.

Aliyeniandikia kwamba ana Bawabu sikuwa namjua. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa kimya kwenye kundi letu la simu, hata salamu haitikii. Alinielekeza kwenye jengo refu nyuma ya ghala la mbao, ghorofa ya juu kabisa. Nilipofika juu nilikuwa natweta. Mlango ulikuwa wazi, na harufu ilinipokea kabla ya mtu.

Harufu ya rangi mbichi.

"Ingia tu, dada," sauti ikaniambia. "Mimi kukufikia hapo ni kazi."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu, pembeni ya meza ndefu. Umri wake sikuweza kuukisia. Mezani palikuwa na ubao wa mchezo, miraba mitupu, na juu yake kinyago kimoja tu. Bawabu! Moyo ulinidunda, wakusanyaji wenzangu watanielewa.

Yule mtu akanyoosha mkono, akamsogeza Bawabu mraba mmoja. Kisha akapiga hatua moja kuja kwangu.

Akamsogeza mraba mwingine. Akapiga hatua nyingine.

"Mazoea ya mchezo," akasema aliponiona namkodolea macho.

Nikacheka. Sisi wa vinyago sote tuna kaukichaa fulani, na mimi si wa kumcheka mwenzangu. Nikampangia pacha zangu mezani, wapiga mishale, wapishi wa jeshi, hata yule mfalme mwenye kilema ambaye watu humgombania. Hakuwatazama.

"Hawa ni pacha. Mimi nataka unayecheza naye."

Sijui alijuaje kwamba nilikuwa naye. Mfuko wa ndani wa mkoba wangu daima ulikuwa na Mwanamke Mwenye Taa, kinyago changu cha kwanza kabisa. Mezani, yeye ndiye mimi. Mume wangu humwita mke mdogo, eti ndiye anayempenda zaidi kwa kuwa hali wala hanuni. Nilisita, nusura niage. Lakini Bawabu alikuwa pale, karibu na kidole changu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Nikamtoa.

"Tumebadilishana?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Tumebadilishana."

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada."

"Najua, kaka. Mimi si mtoto."

Nilimwacha amesimama palepale. Hata kunisindikiza mlangoni hakunisindikiza.

Nyumbani nikaichukua lenzi yangu ya kazini nimwone mgeni vizuri. Kiwandani hawana muda wa kuremba. Macho ni nukta mbili, mdomo ni mstari. Lakini Bawabu alikuwa na kope. Alikuwa na mikunjo kwenye vifundo vya vidole, na chini ya kidevu alikuwa na kovu jembamba. Kovu hilo nilikuwa nimeliona jioni ileile, kwenye kidevu cha mtu. Nilipomweka chini, kidole changu kilikuwa kimechafuka rangi.

Nikajiambia ni zile kazi za wanaorudia kupaka wenyewe. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikamsimamisha kabatini, nikafunga.

Kesho yake jioni nilikuwa namimina chai. Miguu yangu ikageuka.

Sikuigeuza mimi. Iligeuka yenyewe, ikanitoa jikoni, ikanipeleka mpaka katikati ya sebule, ikasimama. Uso wangu ulikuwa unatazama ukuta. Birika lilikuwa bado mkononi, chai inachuruzika sakafuni.

"Umesahau nini?" mume wangu akauliza kutoka kwenye kochi.

Nilitaka kumjibu. Mdomo haukufunguka. Halafu nikasikia... tok. Tok-tok. Dadu zinaviringika juu ya mbao. Dadu zetu zilikuwa zimefungiwa kwenye boksi, na juu yetu hakuna anayeishi.

Nikatembea tena. Nikasimama tena.

Nimecheza mchezo huu miaka mingi. Mwendo wa kinyago naujua kama ninavyoujua mwendo wa mama yangu mzazi. Nilikuwa nachezwa.

Ilikuwa hivyo kila jioni. Nikiwa katikati ya sentensi nanyanyuka. Nikiwa na sabuni usoni nanyanyuka. Mume wangu mwanzoni alinitania, "Mke wangu siku hizi ana safari nyingi humu ndani." Baadaye akaacha utani. Akaanza kuzungumzia hospitali, akawa anatembea nyuma yangu mikono imekunjuliwa, kama mtu anayemfundisha mtoto kusimama dede. Nilimpenda sana kwa hilo. Nilimwogopea pia, kwa sababu sikujua miguu hii ingenifanya nimtende nini.

Ijumaa dadu ziliviringika muda mrefu.

Miguu ikanipeleka roshani. Ikanifikisha kwenye ukingo. Goti langu likapanda juu ya chuma, na huko chini nikaona mapipa ya taka, na mtu anafunga duka lake, hana habari. Nilitaka kupiga kelele. Mate tu ndiyo yaliyonitoka.

Mume wangu alinidaka kiunoni tukaanguka wote ndani. Alikuwa analia. Mwanamume ambaye hata mazikoni huwa anatafuta kona ya kufichia machozi.

"Una nini?" akanong'ona. "Mke wangu, una nini?"

Sikumwambia. Nilimdanganya kwamba ni kizunguzungu. Alipotoka kwenda kuniazimia gari la shemeji yake ili anipeleke kwa daktari, nilimtoa Bawabu kabatini, nikakimbia.

Yule mtu alikuwa amesimama nilipomwacha. Palepale. Viatu vyake vilikuwa kwenye alama zilezile za vumbi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, na suruali yake ilinuka. Ni mkono wake tu uliokuwa na uhai, umetulia juu ya ubao, kando ya Mwanamke wangu Mwenye Taa.

Nilielewa. Bawabu alikuwa kabatini kwangu wiki nzima. Hakuna aliyemsogeza.

"Chukua chako," nikamwambia. "Nipe changu."

"Hakinirudii. Tulisema."

"Unataka nini kwangu?"

"Nilazwe."

Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi nimsogelee, ingawa sikutaka.

"Nimejisogeza mwenyewe kwa mkono wangu miaka mingi, dada. Kwenda chooni najisogeza. Kwenda dirishani najisogeza. Nimechoka. Na mwenye kinyago hakilazi. Wewe nawe huwezi, sasa ni chako. Mcheze. Ashindwe. Mtu amlaze."

"Utakufa."

"Nitalala."

"Nani alikufanya hivi?"

"Nilibadilishana, kama wewe." Akafumba macho. "Sikumwona vizuri. Palikuwa na giza, na mimi nilikuwa natazama kinyago."

Kisha kidole chake kikamsukuma Mwanamke Mwenye Taa mpaka ukingoni mwa ubao, nusu ya kitako chake ikaning'inia hewani. Mwili wangu uligeuka wenyewe, ukanitoa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Visigino vikawa kwenye sakafu, vidole vya miguu kwenye utupu.

"Mimi si mtu mbaya," sauti yake ikanifikia kutoka chumbani. "Kesho ni Jumamosi. Jumamosi mnacheza, sivyo?"

Tunacheza, ndiyo. Kila Jumamosi jioni tuko watatu: mimi, mume wangu anayecheza kwa kunifurahisha, na kinyozi wa mtaani kwetu, mtu wa maneno mengi na bahati nyingi. Daktari alikuwa hajaona ugonjwa wowote, lakini mume wangu alitaka tuahirishe. Alisema mgonjwa hakai mezani. Nikamsihi mpaka akakubali, akapanga ubao mwenyewe, akaniwekea mto mgongoni.

"Eeh, leo umekuja na babu!" kinyozi akasema alipomwona Bawabu. "Mke mdogo kaenda wapi?"

"Kasafiri."

"Na babu huyu mbona ananuka rangi? Kapaka nywele?"

Mume wangu akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Mimi nilikuwa nahesabu miraba kichwani. Nilimpeleka Bawabu mbele, wazi, bila kinga, mahali ambapo hata mtoto asingempeleka. Na nitasema ukweli wote, nilimweka upande wa kinyozi. Nilimwomba Mungu awe kinyozi. Ana mke, ana watoto, huninyolea watoto wa dada yangu bure sikukuu zikifika, na bado nilimwomba Mungu awe yeye.

Kinyozi akatupa dadu. Akakosa.

"Bahati imeninunia leo," akasema.

Mume wangu akazichukua. Nikamshika mkono.

"Vipi?"

"Hamna kitu."

Akatupa.

Tok. Tok-tok...

"Haa! Nimempata!" Uso wake ulikuwa umekunjuka, mzuri, uso ulionifanya nikubali kuolewa. Akamshika Bawabu kichwani kwa vidole viwili. "Lala salama, babu."

Akamlaza.

Akageuka haraka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na kitu, ni pazia tu. Harufu ya rangi ilitoweka mara moja, kama mtu aliyetoka nayo. Mume wangu akavitazama vidole vyake, akavipangusa kwenye suruali, akavitazama tena.

"Tuishie hapa," akasema. Kinyozi akalalamika, akaondoka.

Kulipopambazuka nilikwenda. Yule mtu alikuwa amelala ubavu sakafuni, amenyooka, mkono mmoja umekunjwa kana kwamba umeshika fimbo. Alikuwa anatabasamu. Nilimchukua Mwanamke Mwenye Taa kwanza, ndipo nikamwita mlinzi wa jengo. Mlinzi akavua kofia. Aliniambia mpangaji huyo hajawahi kumwona akishuka ngazi tangu aanze kazi pale, na kodi ilikuwa inalipwa kwa simu. Hakuna ndugu aliyekuja.

Nilishuka nikiwa nimekibeba kinyago changu kiganjani. Miguu ilinitii. Au nilidhani inanitii, kwa kuwa mkono ulikuwa umekibeba. Mpaka leo sijui.

Mume wangu alikuwa ananingoja jikoni. Mbele yake palikuwa na beseni la maji na sabuni, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kusuguliwa.

"Jana nilipomlaza yule mzee," akasema taratibu, "mtu alinishukuru sikioni. Nilimsikia, mke wangu. Alisema, ahsante mwanangu. Halafu akashusha pumzi. Nami pumzi ya namna ile naijua, nilikaa na baba hospitalini." Akaninyanyulia macho. "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, yeye ni mtu wa kuamini. Lakini alikuwa amenidaka roshani, akalia, na nilikuwa nimechoka kumdanganya mtu kama huyo. Nikamweleza yote. Harufu, hatua, ngazi. Hata la kinyozi nikamweleza.

Akasugua vidole mara moja tena, akaacha. Maji kwenye beseni yakatulia.

"Umeutumia mkono wangu," akasema. "Ungeniomba, labda ningekubali. Kwa ajili yako labda ningekubali. Lakini hukuniomba."

"Nisamehe, mume wangu."

"Nipe hicho."

"Nini?"

"Kinyago chako. Nikae nacho mimi."

Kumpa au kutompa, nilijua nachagua nini. Wa kukilaza siwezi kuwa mimi. Ni lazima awe mtu mwingine, mtu aliyenishinda. Akanyoosha kiganja kilichochubuka. Tumeishi pamoja nusu ya umri wetu, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kuniomba.

Nikampa.

Tangu siku hiyo hatujasemezana, zaidi ya salamu. Jioni anakaa mezani, anaukunjua ubao, anamweka Mwanamke Mwenye Taa katikati. Hatupi dadu. Anaweka kidole kimoja juu ya kichwa chake na kufikiri, huku akimwinamisha kidogo upande huu, kidogo upande ule. Mimi nasimama mlangoni, nimeshika ukuta kwa mikono yote miwili, namngoja anisamehe.